Deni la Maji: Miaka 70 ya Kubandika Vijazio vya Rangi ya Jino

Kwa muda mrefu kuziba jino kulikuwa kazi ya useremala kuliko utabibu. Amalgamu, ule mchanganyiko wa zebaki, fedha, bati na shaba unaojulikana kwa rangi yake ya kijivu, haishikani na jino hata kidogo. Hukaa mahali pake kwa sababu tundu limechongwa likawa pana chini na jembamba mdomoni, mithili ya mtungi, ili kilichojazwa kisipate njia ya kutokea. G. V. Black wa Chicago, ambaye kitabu chake cha mwaka 1908 kiliongoza mafunzo ya udaktari wa meno kwa miongo mingi, alikwenda mbali zaidi: alitaka tundu lipanuliwe hadi kwenye mifereji ya jirani hata kama bado ni mizima, kusudi uozo usirudi kando ya kijazio. Hesabu yake ilikuwa na mantiki kwa zama zake, lakini aliyelipa gharama ni jino. Uozo wa ukubwa wa punje ya mtama uliweza kuondoka na sehemu nzima yenye ukubwa wa punje ya mahindi. Kwa hiyo suala la gundi, tangu mwanzo, halikuwa suala la urembo peke yake, ingawa rangi ndiyo inayozungumzwa sana siku hizi. Kijazio kinachonata hakihitaji mtungi. Daktari huondoa kilichooza, akaacha kilicho kizima.

Vitabu vya fani na matangazo ya biashara husimulia historia ya gundi hizo kwa vizazi: cha kwanza, cha pili, hadi cha saba na cha nane, kana kwamba ni ukoo ambao kila mtoto humpita baba yake. Simulizi hiyo inapendeza, lakini ushahidi hauiungi mkono. Ninachodai hapa ni kwamba kinachotenganisha gundi njema na gundi mbovu si mwaka wa kuzaliwa bali namna inavyoshughulika na maji. Na kwamba kuna wakati fani ilirudi nyuma huku ikitangaza kusonga mbele, kwa sababu dakika zilizookolewa kwenye kiti cha mgonjwa zilikopwa kutoka kwenye umri wa kijazio.

Ili kuliona hilo lazima jino litazamwe kama vitu viwili vilivyoshonwa pamoja. Ganda la nje, enameli, ni madini kwa takriban asilimia 96 ya uzito wake. Ni jiwe, na jiwe hukaushwa kwa pumzi ya hewa. Chini yake ipo dentini, ambayo madini yake ni asilimia 70 hivi, na kilichobaki ni nyuzi za kolajeni pamoja na maji. Dentini imetobolewa na vijifereji vinavyotoka kwenye kiini cha jino, makumi ya maelfu katika milimita moja ya mraba, na ndani yake majimaji husukumwa kuelekea nje muda wote jino likiwa hai. Anayebandika plastiki juu ya dentini hana tofauti na fundi anayepaka rangi ya mafuta kwenye ukuta unaovuja kwa ndani. Asubuhi ataukausha, jioni utakuwa umelowa tena.

Miongoni mwa waliojaribu mapema alikuwa Oskar Hagger, mkemia wa kampuni ya De Trey mjini Zurich. Mwaka 1949 alileta kemikali yenye ncha mbili: moja ya asidi, ya kushika jino, na nyingine ya kuungana na akriliki ambayo ndiyo iliyokuwa kijazio cha rangi ya jino wakati ule. Ikauzwa pamoja na akriliki iliyoitwa Sevriton. Mwaka 1952, Ivor Kramer na John McLean wa London waliikata dentini iliyopakwa kemikali hiyo, wakaitazama kwa hadubini, na wakaona kuwa tabaka jembamba la juu limepokea rangi za maabara tofauti na dentini ya chini yake. Kitu kilikuwa kimeingia ndani ya jino na kuligeuza. Walikuwa wakitazama, miaka 30 kabla ya wakati, jambo ambalo baadaye lingekuwa msingi wa fani nzima. Ila akriliki yenyewe ilikuwa dhaifu: ilisinyaa ilipoganda, na kwa chai ya moto au maji ya baridi ilitanuka na kunywea kupita jino, ikaachana na kingo. Ugunduzi ukazama pamoja na bidhaa.

Ndiyo maana hadithi kwa kawaida huanzia kwa Michael Buonocore, wa Eastman Dental Dispensary huko Rochester, New York. Alijua kwamba viwandani bati husuguliwa kwa asidi ya fosforiki kabla ya kupakwa rangi ili rangi ishike, akajiuliza kwa nini jino lisifanyiwe vivyo hivyo. Katika makala yake ya mwaka 1955 alieleza jinsi alivyoiparuza enameli kwa asidi ya fosforiki ya asilimia 85 kwa sekunde 30, akaisuuza, akaikausha, kisha akabandika matone ya akriliki kwenye meno ya mbele ya watu waliojitolea. Muda wa matone hayo kushikilia uliongezeka takriban mara 100. Asidi ilikuwa imechimba vishimo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na akriliki ikaingia humo ikagandia. Ni mtungi uleule wa Black, isipokuwa sasa ni maelfu kwa maelfu ya mitungi isiyomgharimu mgonjwa chochote cha maana. Lakini ushindi huo ulikuwa juu ya jiwe kavu. Mwaka uliofuata Buonocore na wenzake walipojaribu kuinatisha dentini kwa kemikali ya aina ile ya Hagger, mshiko ulidhoofika mara ulipolowekwa majini. Nadhani somo la mwaka 1956 lina uzito sawa na la mwaka 1955, ila halisherehekewi.

Rafael Bowen aliyatatua matatizo ya akriliki kwa upande wake. Katika hataza ya mwaka 1962 alieleza rezini nzito iitwayo Bis-GMA iliyochanganywa na chembechembe za silika zilizopakwa kemikali ya kuzishikanisha, na hapo ndipo kompositi ilipozaliwa. Husinyaa asilimia 2 au 3 tu inapoganda. Hiyo ndogo nayo inatosha kuivuta gundi kwa nguvu, ndiyo sababu kila kilichofuata ni mashindano kati ya kijazio kinachojikunja na gundi inayokizuia.

Tatizo la dentini halikuwa la kemia pekee. Lilikuwa pia la hofu. Katika nchi za Magharibi ilifundishwa kwamba asidi ikigusa dentini itapenya hadi kwenye kiini na kukiua, kwa hiyo dentini ilifunikwa kwa saruji kwanza na asidi ikaishia kwenye enameli. Mjapani Takao Fusayama, wa chuo kikuu cha tiba na meno cha Tokyo, alikataa. Mwaka 1979 alichapisha utafiti wa kuparuza enameli na dentini kwa pamoja kwa asidi ya fosforiki, akionyesha kwamba mshiko unaongezeka na kiini hakidhuriki kama ilivyohofiwa. Waliompinga hawakuwa wajinga. Walikuwa wameona viini vikifa chini ya vijazio vya plastiki, na asidi ndiyo iliyokuwa mshukiwa wa karibu. Ushahidi wa kumwondolea asidi lawama ulikuwapo tayari: mwaka 1965 Kakehashi, Stanley na Fitzgerald walitoboa meno ya panya hadi kwenye kiini na kuyaacha wazi. Kwa panya wa kawaida viini vilioza. Kwa panya waliolelewa bila kijidudu chochote, viini vilipona na kujijengea dentini mpya, ijapokuwa chakula kilijazana kwenye tundu. Aliyeua ni bakteria apitaye kwenye upenyo wa kijazio kisichonata, naye Martin Brännström wa Sweden alikazania hoja hiyohiyo kwa miaka mingi. Kwa maneno mengine, kuikwepa dentini kwa kuogopa kukiua kiini kulikuwa kunauacha wazi mlango wa muuaji mwenyewe.

Mwaka 1982 Nobuo Nakabayashi, naye wa Tokyo, alieleza kinachotokea. Asidi inapoondoa madini kwenye uso wa dentini, huacha wavu wa nyuzi za kolajeni zikielea majini. Gundi yenye kemikali inayopenda maji huingia ndani ya wavu huo na kugandia humo, likatokea tabaka la mikromita chache ambalo si jino tupu wala si plastiki tupu. Akaliita tabaka chotara. Ndilo lile ambalo Kramer na McLean waliliona likipokea rangi kinyume na matarajio. Ila wavu huo una kasoro moja: ukikaushwa, hulala chini kama chandarua kilichokatwa kamba, na gundi haipati pa kuingia. Mapema katika miaka ya 1990 John Kanca wa Marekani alionyesha kwamba dentini ikiachwa na unyevu baada ya kusuuzwa, mshiko huwa mkubwa zaidi. Maji yaliyokuwa adui yakageuzwa kuwa nguzo ya kuushikilia wavu hadi gundi ifike. Utaratibu kamili ukawa wa hatua tatu: asidi na kusuuza, kisha praima inayopenda maji, inayoyafuata hadi kwenye nyuzi na kuyafukuza, kisha rezini inayochukia maji ya kufunika juu. Mgawanyo wa kazi ulikuwa wazi. Mmoja anaingia majini, mwingine anafunga mlango.

Hapo ndipo biashara ilipoona nafasi. Chupa tatu ni nyingi, dakika ni pesa, na daktari mwenye foleni nje anataka chupa moja. Praima na rezini vikachanganywa pamoja, na katika miaka ya 1990 chupa hizo mpya ziliitwa kizazi cha tano. Muda si mrefu asidi nayo ikaingizwa humohumo. Vipimo vya maabara vya saa 24 vilitoa nguvu za mshiko zenye megapaskali za kuvutia, na matangazo yakafuata. Lakini kemikali inayopenda maji ikifanywa pia kifuniko, kifuniko hakifungi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Franklin Tay na David Pashley walionyesha kwamba tabaka la gundi ya chupa moja, hata likishakauka kwa taa, hupitisha majimaji kutoka kwenye dentini kama utando. Hapa ndipo deni lilipoanza kudaiwa. Mwaka 2000 Hashimoto na wenzake huko Japani walipima meno ya utotoni yaliyokuwa yamezibwa kwa kompositi kabla ya kung'oka, wakakuta kwamba baada ya miaka 2 hadi 3 mdomoni nguvu ya mshiko ilikuwa imebaki karibu theluthi moja ya ile ya mwanzo. Mwaka 2004 Pashley alionyesha kwa nini hata nyuzi zenyewe hupotea: kolajeni iliyoondolewa madini na kuwekwa kwenye mate bandia yasiyo na bakteria ililiwa karibu yote kwa siku 250, kwa vimeng'enya vilivyokuwamo ndani ya dentini tangu jino linaundwa. Iliyohifadhiwa kwenye mafuta, pasipo maji, ilibaki. Vimeng'enya hivyo haviwezi kukata bila maji. Kila uzi ambao asidi iliuvua nguo na gundi ikashindwa kuuvika umehukumiwa.

Wakati huohuo Japani ilikuwa ikijenga njia nyingine, na inafaa kukaa hapo kidogo. Kuraray, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1926 mjini Kurashiki kutengeneza nyuzi za nguo, ilikuwa na wakemia waliobobea katika molekuli ndefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walipata kemikali iitwayo MDP: kichwa chake ni fosfeti inayoshika kalisi, mkia wake huungana na rezini, na katikati ipo shingo ya kaboni 10 inayochukia maji. Mwaka 1999 wakauza gundi ya hatua mbili, Clearfil SE Bond, ambayo haitumii asidi ya kusuuza kabisa. Praima yake ina asidi hafifu inayoparuza dentini kidogo tu na kuacha madini mengi yakiwa bado yamezivika nyuzi. Hakuna wavu ulio uchi, hakuna unyevu wa kukisia, na chupa ya pili bado ni kifuniko. Mwaka 2004 Yoshida na wenzake walilinganisha kemikali tatu za aina hiyo na kukuta kwamba chumvi ambayo MDP huiunda na kalisi ya jino ndiyo inayoyeyuka kwa shida kuliko zote majini. Kwa kipimo cha makala hii, hilo ndilo jambo lenyewe: mshiko usiokubali kulowa.

Pingamizi la kwanza linajitokeza hapo. Mtu atasema kwamba megapaskali za maabara na kolajeni iliyoachwa kwenye chupa si mdomo wa binadamu. Ni kweli, na ndiyo maana hesabu ya maana ni ya vijazio vilivyodondoka kwa wagonjwa. Mapitio ya mwaka 2014 yaliyoongozwa na Marleen Peumans wa chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, yalikusanya majaribio ya kliniki kwenye mapengo ya shingo ya jino, karibu na ufizi. Gundi za hatua tatu za kuparuza na kusuuza zilipoteza wastani wa asilimia 3.1 ya vijazio kwa mwaka. Zilipofupishwa kuwa hatua mbili, hasara ikapanda hadi asilimia 5.8. Za hatua mbili zenye asidi hafifu, za ukoo wa Clearfil SE, zilipoteza asilimia 2.5. Kizazi cha tano kilishindwa na cha nne, kile cha hatua tatu, kilichodaiwa kustaafishwa.

La pili ni zito zaidi: mapengo ya shingo si matundu ya kutafuna. Yamechaguliwa na watafiti kwa sababu hayana kuta za kukishikilia kijazio, hivyo gundi hupimwa peke yake. Kwenye gego, kijazio hufa zaidi kwa uozo mpya au kwa kuvunjika. Nakubali, lakini hoja haianguki, inabadilika mipaka. Majaribio ya maabara ya Leuven ya mwaka 2003, yaliyoloweka meno kwa miaka 4, yalionyesha kwamba pale kingo zote zilipokuwa za enameli, mshiko wa dentini iliyofichwa ndani ulihifadhika, na pale dentini ilipoguswa na maji moja kwa moja ulishuka. Tundu dogo lenye ukuta wa enameli pande zote linaweza kuvumilia hata gundi ya pupa. Gundi hupimwa pale tundu linapofika ufizini.

Wapo pia wanaosema kwamba mkono wa daktari ni muhimu kuliko chupa, na kwamba hatua chache hupunguza makosa. Sehemu ya kwanza sina ugomvi nayo. Ya pili ingekuwa kweli, hatua mbili za kuparuza na kusuuza zingezishinda tatu, na hazikuzishinda. Kilichopunguzwa pale ni hatua za kuhesabu. Ile iliyo ngumu kuliko zote, ya kukisia dentini iwe na unyevu kiasi gani, iliachwa palepale.

Nimeacha kwa makusudi nambari moja kwenye mapitio ya Peumans. Iliyopoteza vijazio vichache kuliko zote, asilimia 2 kwa mwaka, haikuwa kompositi ya aina yoyote. Ilikuwa saruji ya kioo na asidi, iliyobuniwa na Alan Wilson na Brian Kent katika maabara ya mkemia wa serikali mjini London na kutangazwa mwaka 1972. Saruji hiyo huganda kwa msaada wa maji na hushikana na kalisi ya jino yenyewe. Maji ya dentini hayaisumbui kwa kuwa ni sehemu ya mwili wake. Hapa Tanzania inaingia kwenye historia kwa haki yake. Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken, akiwa katika shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alianza na wenzake kutibu meno vijijini mahali pasipo na umeme wala mashine ya kuchimba, ambako dawa ya jino lililotoboka ilikuwa kung'olewa. Walikwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa saruji inayonata, mwanzoni ya polikaboksileti, na baadaye majaribio ya Thailand na Zimbabwe yakatumia ile ya kioo. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo rasmi. Inafaa kuitaja hapa kwa sababu si ya huruma tu: ilifaulu kwa kanuni ileile, gundi isiyogombana na maji. Mapungufu yake hayafichiki. Saruji hiyo huvunjika ikibebeshwa kutafuna kwenye tundu la nyuso mbili. Kwenye tundu la uso mmoja la jino la ukubwani, uchambuzi wa mwaka 2012 ulikuta takriban asilimia 80 ya vijazio viko salama baada ya miaka 5. Kwenye meno ya utotoni yenye tundu la nyuso nyingi, ni 62 tu baada ya miaka 2.

Haraka ya suala hili imeongezeka tangu Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki wa mwaka 2013 ulipoanza kuibana amalgamu, na Umoja wa Ulaya ukaacha kuitumia, isipokuwa kwa sababu za kitabibu, kuanzia tarehe 1 Januari 2025. Gundi zinazouzwa sasa kwa jina la gundi za kila kazi, zilizoingia sokoni mwaka 2011, kwa kawaida zina MDP na ni chupa moja. Wengi wanaozitumia kwa uangalifu wameafikiana na historia kwa namna ya pekee. Enameli hupewa asidi ya fosforiki ya Buonocore, ya asilimia 37 hivi, kwa sekunde chache, huku dentini ikiachwa bila kuguswa na asidi hiyo. Kisha gundi hupakwa na kusuguliwa, na hewa hupulizwa hadi utando usitikisike tena, dalili kwamba maji na kiyeyushi vimeondoka. Na baadhi yao, kabla ya kuleta kompositi, hufungua chupa ya pili ya rezini inayochukia maji na kupaka tabaka moja juu yake. Ni kifuniko kilekile kilichoondolewa kwenye kisanduku miaka 30 iliyopita ili kuokoa dakika moja.